Maneno Niliyomficha Daktari

Ifrah, binti yangu,

Hooyo, mama yako, amelifunga begi lako mara mbili na kulifungua mara mbili, kwa hiyo habari za shuka, chandarua na nauli sitazigusa. Umekwenda kumuaga ayeeyo, na namjua mama yangu, hatakuachia kabla ya magharibi. Nimepata nafasi. Nimekaa barazani, jua la alasiri bado linachoma ukuta, nami naandika kwa sababu wiki nzima nimejaribu kuyasema haya kwa mdomo, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Utashangaa kwamba nakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu tunasema Kisomali. Kiswahili ni cha kazini kwangu na cha shuleni kwako. Lakini kosa langu kubwa kwako nililitenda kwa Kiswahili, ukiwa umekaa mbele yangu, na ulikuwa unaelewa kila neno. Basi na nikiri kwa lugha ileile.

Nianzie mbali kidogo.

Ulikuwa mtoto wa kupoteza vitu. Viatu vyako vilipotea kimoja kimoja, kamwe si jozi, mpaka hooyo akaweka gunia zima la viatu visivyo na wenzao. Ukitumwa chumvi, ulirudi jua limeshapinda, huna chumvi, na ukiulizwa ulisema ulikuwa unamwangalia punda wa mkokoteni wa maji, kwamba ana jeraha begani na mwenyewe hajaliona. Walimu waliandika kila muhula kwamba una akili ila hujitumi. Hukuwa mtundu, hukupigana na mtu, hukurukaruka. Ulikaa kimya darasani ukitazama dirisha. Labda ungekuwa mtundu mtu angeuliza kuna nini.

Lakini mbuzi akiugua, ungekaa naye tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuinuka hata kunywa maji. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilisema moyoni: kumbe anaweza kutulia akitaka, basi kwingine kote ni ukaidi tu.

Nikaanza kukuita doqon. Mpumbavu wa Kiswahili ni neno jepesi mbele ya doqon wetu. Nakumbuka siku wazee wa ukoo walipotoka Hadado wakafikia kwetu. Uliagizwa chai. Ukaja na sinia ya vikombe vitupu, ukaiweka mbele yao kwa adabu kabisa, ukasimama pembeni ukingoja wanywe. Nami, badala ya kukutuma tena, nikasema, "Msimlaumu, huyu ndiye doqon wetu." Wazee wakacheka. Na wewe ukacheka. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi, unacheka pamoja na watu wanaokucheka ili usiachwe peke yako. Mimi niliona kicheko chako nikafurahi kwamba una moyo mkubwa.

Ulipokuwa kidato cha tatu ulirudi likizo ukiwa mtu mwingine. Ulilala mchana kutwa na usiku ukakesha. Nywele ukaacha kuzichana. Mbuzi akazaa mapacha nyuma ya jiko, na hukutoka kumwona. Mimi niliona uvivu uliokomaa. Hooyo yako ndiye aliyeona.

"Huyu mtoto hayupo," aliniambia.

"Si huyo hapo amelala?"

"Mwili ndio umelala hapo. Yeye mwenyewe hayupo."

Nilikupeleka kwa sheikh usomewe. Sijutii kusomewa kwako. Maneno ya Mwenyezi Mungu ni shifaa. Ninachokijutia ni kwa nini nilikupeleka. Nilikupeleka kwa sababu jicho la hasadi ni jambo ninaloweza kumwambia mtu njiani bila kuinamisha uso. Sheikh alisoma, kisha akanivuta kando. "Nitaendelea kusoma," alisema, "lakini binti huyu ni mgonjwa, na ugonjwa una daktari wake. Mpeleke hospitali." Nikamjibu inshallah, kwa namna tunavyoisema tukimaanisha hapana.

Unajua kazi yangu. Miaka yote hii nimesimama katika mahakama ya Garissa nikiyahamisha maneno ya watu kutoka Kisomali kwenda Kiswahili na kurudi. Kila ukoo unanijua. Nilifikiria benchi lililo nje ya kliniki ya akili, lile linaloonekana na kila apitaye, na nikajiona nimelikalia, nikisalimiwa na watu ambao wiki iliyotangulia niliwasemea mbele ya hakimu. Kisha kwa magonjwa yote ya kichwa nilikuwa na neno moja tu la Kisomali: waali. Wazimu. Hakuna waali mdogo wala waali wa kupona. Neno hilo likishaingia nyumbani, nani atakuja kumposa dada yako?

Hooyo aliposema kwamba atakupeleka na mimi au bila mimi, nilikubali, lakini si kwenye kliniki ile. Nilikupelekeni kwa daktari wa kawaida, kijana mgeni ambaye hakujua Kisomali hata salamu. Alikuuliza unaumwa wapi. Ukatazama mikono yako. Akamgeukia hooyo, na hooyo akasema kwa Kisomali, taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njia nzima:

"Mwambie daktari kwamba mwanangu ameniambia anatamani alale asiamke tena. Mwambie amesema hivyo zaidi ya mara moja. Mwambie naogopa kumwacha peke yake."

Daktari akanitazama. Na mimi, niliyeapa kwa Qur'ani mahakamani kwamba sitaongeza wala kupunguza, nikasema:

"Mama anasema mtoto hapati usingizi vizuri. Na hamu ya chakula imepungua."

Uliinua uso ukaniangalia, Ifrah. Hukunikasirikia. Ningeyaweza macho ya hasira. Ulinitazama kama mtu aliyekuwa na swali kwa muda mrefu na sasa amepata jibu, kisha ukarudisha macho kwenye mikono yako. Daktari akaandika dawa za kuongeza damu na za kuleta hamu ya kula. Alitibu alichoambiwa, sina lawama naye.

Tulipotoka, hooyo aliniuliza, "Kasemaje juu ya yale maneno?"

"Kasema ni ya umri huu. Yatapita."

Hivyo nilimdanganya daktari kwa Kiswahili na mama yako kwa Kisomali katika asubuhi moja, nikajiambia nimeilinda nyumba yangu.

Siku chache baadaye ulitoka adhuhuri bila kuaga. Ilipofika alasiri simu yangu ililia. Ilikuwa ya mkulima mmoja wa kando ya Tana, mtu niliyewahi kumtafsiria katika kesi ya mpaka wa shamba. "Mkalimani," alisema, "binti yako yuko kwangu. Alikuwa amekaa pale mtoni, peke yake, muda mrefu, nikamwomba aje kivulini. Njoo. Na tafadhali, usimgombeze."

Nilikukuta kando ya pampu ya maji, kati ya migomba, una kikombe cha chai ambacho hukukinywa. Yule mkulima alikuwa amekaa mbali kidogo, akijifanya anatengeneza mpira wa maji ili usijione unalindwa. Nilikuwa nimejiandaa kukukaripia, lakini nikakaa chini kwenye tope na kanzu yangu.

"Nimechoka, aabo," ulisema. Halafu ukasema jambo ambalo sijawahi kulirudia kwa mtu: "Nilitaka kumwambia daktari mimi mwenyewe. Lakini ulikuwa umeshasema wewe."

Nyumbani ulimweleza hooyo kila kitu. Nilikuwa mlangoni. Hakupiga kelele, nawe unamjua hooyo akikasirika mtaa mzima husikia. Alikuja mbele yangu akasema kwa sauti ya chini, "Nilikupa maneno yangu unibebee. Ukayatupa njiani." Akaingia ndani na kulala karibu nawe, mkono wake juu ya mkono wako.

Asubuhi yake mlikwenda hospitali bila mimi. Niliwafuata kwa nyuma kama mwizi. Kliniki ya akili ilikuwa na daktari mwanamke wa makamo, mlango wake ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, nami nikasimama kwenye ukumbi. Hooyo yako, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei ya nyanya, alisema:

"Daktari, mimi Kiswahili yangu kidogo. Mtoto hii nataka kulala, hataki kuamka tena. Iko hivi siku mingi. Baba yake naficha. Mimi sifichi."

Nimewahi kusifiwa na mahakimu kwa Kiswahili changu. Nilisimama pale nikajua kwamba sijawahi kusema Kiswahili cha kweli kama kile.

Daktari alisikia viatu vyangu akaniita ndani. Sikukataa. Lile benchi nililiona nikipita, na watu walikuwa wamelikalia, wakanisalimia, nami nikawaitikia. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Alichotueleza katika ziara zile unakijua kuliko mimi, lakini nataka ujue nilichokisikia. Alisema una sonona, ugonjwa wa huzuni unaomaliza nguvu za mtu mpaka uhai wenyewe unakuwa mzigo, na kwamba hauji kwa udhaifu wa imani wala kwa malezi ya kudeka. Mara ya tatu au ya nne akaniuliza ulikuwaje ulipokuwa mdogo. Nikamsimulia yale ya viatu, ya chumvi, ya vikombe vitupu. Niliyasimulia kama mashtaka. Nadhani hata nilitabasamu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mzee, hayo unayoyataja kama makosa yake," alisema, "ndiyo dalili nilizokuwa nazitafuta."

Akataja herufi nne za Kiingereza, ADHD, kisha akaeleza kwa maneno ya kawaida: umakini wako upo, tena mwingi, ila hauendi unapoamriwa. Huenda unakovutwa. Ndiyo maana uliweza kukaa na mbuzi mgonjwa na usiweze kukumbuka chumvi. Alisema wasichana wengi wa namna hii hawatambuliwi kwa kuwa hawasumbui mtu. Nikamuuliza huzuni imetoka wapi basi, kama tatizo ni umakini. Akasema magonjwa haya mara nyingi hutembea pamoja, na sababu zake ni nyingi, nyingine ni za damu. "Lakini pia," akasema, "mtoto akiambiwa kila siku kwamba ni mvivu na mjinga, huku anajitahidi kuliko wenzake wote, unafikiri atafika miaka kumi na saba akiwa na hali gani?"

Hakunielekezea kidole. Hakuhitaji.

Aliuliza kama katika ukoo wetu kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi. Nikasema hakuna. Ziara iliyofuata nilirudi nikamwambia kweli, na sasa nakwambia wewe, kwa sababu daktari yeyote utakayemwona huko mbele atakuuliza, nawe una haki ya kuwa na jibu. Nilikuwa na dada, Habiba, aliyenitangulia kuzaliwa. Alikuwa hodari wa kukamua ngamia kuliko wanaume. Akiwa msichana wa umri wako aliingia kwenye aqal, kibanda chetu cha mikeka, akageukia ukutani. Alikaa huko msimu mmoja, akatoka, akarudi tena, na mwaka wa ukame mkubwa akafariki humo. Watu walisema waali. Mimi nilikuwa shuleni Wajir, na mwenzangu aliponiuliza kama yule mwanamke anayeitwa waali ni dada yangu, nilijibu kwamba ni jirani. Ayeeyo hamtaji mpaka leo, lakini ukimuuliza ukiwa naye peke yake, nadhani atakwambia. Sikusimulii haya ili unihurumie. Nilipokuona umegeukia ukutani nilimwona Habiba, nami nikakimbia kama nilivyokimbia mara ya kwanza.

Ulianza dawa, na mazungumzo ya kila wiki na daktari, na polepole ukarudi. Siku ulipomwambia hooyo kwamba chumvi imezidi kwenye mchuzi, alitoka nje akalia kwa furaha. Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo nilijirekebisha. Lakini unakumbuka Shaabani ile. Ulikuwa umepata nuru usoni, Ramadhani inakaribia, nikakwambia, "Si umeshapona sasa? Za nini tena hizi dawa?" Sikumuuliza daktari, ambaye angetuambia tu kwamba saa za kumeza zinaweza kuhamishwa usiku. Uliniamini. Uliziacha. Iliposogea Idi ulikuwa umerudi kulekule gizani, na mwaka mwingine wa shule ukapotea, wa pili sasa. Baba yako alikuwa na haraka ya kuweza kusema kwamba mambo hayo yamekwisha.

Nimejifunza kitu kimoja, nacho si kikubwa. Nilikuwa nakiita heshima kile kilichokuwa woga tu. Heshima ya nyumba niliyodhani naijenga, wewe ndiye uliyekuwa unailipia, kila siku, kwa kunyamaza. Ukikutana huko na mtu anayetaka unyamaze kwa ajili ya heshima yake, mtazame vizuri. Huenda anaogopa kama mimi.

Na nisikudanganye kuhusu kile unachokwenda kusoma. Uliponiambia utakwenda Nakuru kusomea afya ya mifugo, nilisema hongera, na ndani yangu nilihuzunika, kwa kuwa wenzako wako mwaka wa tatu wa sheria na udaktari. Huzuni ile ilidumu mpaka juzi nilipokwenda soko la mifugo nikakukuta umechuchumaa mbele ya ngamia asiyekuwa wetu, umeshika mguu wake, na wafanyabiashara wamekaa kimya wakingoja useme. Sikukusalimia. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya.

Sasa chakula cha jana. Adeer Bashir, ndugu yangu, alikuwa ameshiba na kufurahi, akasema mbele ya wote, "Alhamdulillahi, ile shida ya kichwa imekwisha, sasa anakwenda chuo." Watu wakanigeukia mimi. Mkono wangu ulikuwa kwenye wali. Nilikuwa na jibu mdomoni, Ifrah, naapa nilikuwa nalo, lakini nilitazama sahani. Wewe ukasema:

"Haijaisha, adeer. Natumia dawa, na huko Nakuru nimeshapata daktari. Nisogezee ndimu tafadhali."

Akakusogezea ndimu. Watu wakaendelea kula.

Baadaye, wakati wa kunawa, Bashir alinishika kiwiko akanipeleka nyuma ya nyumba. Nilidhani anakuja kunilaumu kwa mtoto asiye na adabu. Badala yake aliuliza, huku akitazama ukuta, "Hiyo dawa inatolewa wapi? Guled halali. Mwezi wa pili huu. Mama yake anasema anaongea maneno mabaya juu ya nafsi yake."

Guled, mwanawe, yule tunayemwita mpole.

Ningeweza kumjibu mwenyewe. Nilimwambia, "Muulize Ifrah." Akaja akakaa kando yako kwenye mkeka, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akainamisha kichwa akakusikiliza. Niliwaona kwa mbali mkizungumza hadi chai ikapoa.

Siombi unisamehe kabla hujaondoka. Msamaha unaoombwa mtu akiwa na begi mlangoni ni kama kumtoza ushuru wa njia. Kaa nao. Ukiutoa, utoe siku unayotaka wewe. Usipoutoa, bado mimi ni baba yako na nyumba hii ni yako, ukirudi na cheti au bila cheti, ukiwa mzima au umechoka. Na ikiwa itakushuka tena huko, maana daktari amesema inaweza kurudi, usinitafutie maneno mepesi ili nisiumie. Niambie yalivyo.

Jumatatu Bashir anampeleka Guled kliniki. Ameniomba niwasindikize, kwa kuwa anaona haya kukaa kwenye lile benchi peke yake. Nimemwambia nitafika mapema nimshikie nafasi.

Nenda salama, Mwenyezi Mungu akutangulie.

Mimi aabo yako, ambaye haya bado hazijamtoka.